Nasaha zangu za kusafisha pistole ya vanishi hazikuwa zangu

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko kazini na mlioko kazini lakini mko humu.

Ninayoandika ni kweli tupu. Si kwamba mimi ni mkweli kuliko ninyi. Ni kwamba shahidi wa jambo hili naye anasoma humu, kwa hiyo sina pa kukimbilia.

Wanaonijua wananijua. Mimi ni seremala, niko Buyenzi, Bujumbura, na kwa miaka mitatu nimekuwa najibu maswali yenu kuhusu finish ya mbao. Hasa kuhusu pistole, yaani ile spray gun ya kupulizia vanishi. Huku kwetu tunaiita hivyo kwa Kifaransa, tumeshazoea.

Mkuu mmoja wa Mwanza aliwahi kuniita professor. Sikumkataza.

Sasa tulieni niwaeleze professor wenu alivyoumbuka nyumbani kwake mwenyewe.

Nina binti anaitwa Rehema, miaka ishirini na tatu. Alimaliza shule, akatafuta kazi, kazi ikamkimbia kama inavyowakimbia wenzake, akaanza kushinda na mimi kwenye atelier. Atelier, yaani karakana yangu, iko uani, hatua kumi kutoka nyumba ya kulala.

Utaratibu wetu ulikuwa huu. Mimi napulizia, nikimaliza naweka pistole mezani, natawadha, naenda kuswali alasiri. Nikirudi, pistole iko kwenye msumari wake ukutani, inang'aa kama kijiko cha mgeni.

Nilidhani nini? Wakuu, sikudhani kitu. Mtu anayekuta shati lake limepigwa pasi kila asubuhi hawazi habari za pasi.

Siku moja nilimkuta amekaa kwenye kigoda, vipande vyote vimetandazwa kwenye kitambaa cheupe kwa mpangilio, mswaki wa meno mkononi. Nikamuuliza anafanya nini. Akanieleza kirefu, kipande kwa kipande. Nikasikiliza nusu. Jioni nikaja humu nikawaandikia ninyi ile nusu, na nusu iliyobaki nikaijaza mwenyewe.

Huo ndio ule uzi wangu uliopata likes nyingi. Naomba muuheshimu kama marehemu.

Baadaye akaomba naye apulizie. Nikamkubalia, lakini migongo tu. Nyuma ya kabati, chini ya meza, ndani ya droo, mahali ambapo macho ya mteja hayafiki. Nikajiona baba mkarimu sana.

Kuna mama mmoja wa Kiriri, kule mlimani kwenye majumba, nilimtengenezea meza ya kulia chakula. Siku ya kuipokea akapitisha kiganja juu, akainama akapitisha na chini, akaniambia, "Fundi, huku chini ni laini kuliko juu."

Nikacheka, nikamwambia hiyo ni tabia ya mbao.

Basi mwaka huu Rehema akaposwa. Kijana anaitwa Idi, fundi umeme wa Ngagara, mpole, salamu zake ndefu. Tukakubali. Nami nikatangaza mbele ya ukoo kwamba kabati la bibi harusi nitalitengeneza kwa mikono yangu, na litang'aa mpaka watu wachanie nywele mbele yake.

Msiokuwa wa huku niwaeleze kidogo. Siku mbili kabla ya ndoa, vyombo vya bibi harusi vinatangulia kwenda kwa mume. Vinapakiwa kwenye pikapu ya wazi, vinapitishwa barabarani kwa vigelegele, mtaa wote unaona. Kule vinapokelewa na wanawake wa upande wa mume, na hao hawatazami kwa macho. Wanatazama kwa mikono. Wanapapasa, wanafungua, wanagonga, wanatazamana.

Kitu kikiwa kibovu, mimi fundi niko zangu Buyenzi nakunywa chai. Atakayebaki mle ndani akichekwa kwa kabati la baba yake, mwaka hadi mwaka, ni Rehema. Hilo nililijua vizuri, na ndilo lililoninyima usingizi.

Nikanunua libuyu, ile mbao nyekundu ya Congo. Nikachana, nikaunga, nikapiga msasa mpaka vidole vikakosa alama. Rehema akapulizia mgongo wa kabati, kama kawaida yetu, akasafisha pistole, akaitundika. Jumapili wakamwingiza ndani.

Hapo ndipo penyewe.

Kwetu bibi harusi akiingizwa ndani, wiki nzima hatoki na haonwi na mwanaume. Anasingwa liwa, anafukizwa udi, anapakwa hina. Mlinzi wa mlango ni dada yangu mkubwa, Mwajuma, shangazi yake Rehema, mwanamke ambaye hata jogoo wangu humwomba ruhusa ndipo awike.

Kwa hiyo Jumapili mchana nilipulizia tabaka la kwanza upande wa mbele nikiwa peke yangu. Likatoka zuri. Bila shaka, pistole ilikuwa imesafishwa na mwenyewe.

Nikamaliza, nikaiweka mezani, nikatawadha, nikaenda kuswali alasiri.

Nikarudi. Pistole iko mezani.

Wakuu, niliitazama kama mtu aliyekuta mkewe hakupika. Nusura niulize kwa sauti kuna nini leo.

Nikasema haya, mimi si ndiye niliyeandika ule uzi? Nikajaribu kukumbuka. Nilikumbuka kwamba huwa kuna diluant, ile mnayoiita thinner. Nilikumbuka kwamba kuna kuloweka. Nikachukua ndoo, nikamimina diluant, nikaitumbukiza pistole nzima nzima, kichwa na mkia, nikaifunika, nikaenda kupokea wageni. Ikalala humo mpaka Jumatatu asubuhi.

Mafundi wa kweli mnaosoma hapa najua mmeshashika vichwa. Subirini, bado.

Jumatatu naitoa, tundu la mdomo limeziba, kwa sababu vanishi niliyoisahau kwenye kikombe cha pistole ililainika ikashuka yote ikakaa mdomoni. Nikatafuta kitu chembamba. Nikapata rayon ya baiskeli, ile njiti ya chuma ya gurudumu, nikainoa ncha, nikatoboa. Nikazungusha na kuzungusha mpaka nikaona mwanga upande wa pili. Nikafurahi kama daktari wa macho.

Nikajaza vanishi, nikawasha kompresa, ile mashine ya upepo, nikasimama mbele ya milango miwili ya kabati la mwanangu. Nikabonyeza.

Ikakohoa.

Ikatema donge, ikanyamaza, ikatema mengine matatu. Kisha ikaanza kupulizia upande mmoja tu, kulia, kama mtu aliyepooza mdomo. Vanishi ikavuja nyuma kwenye sindano, ile njiti ya ndani inayofungua na kuziba mdomo, ikanitiririkia mpaka kwenye kiwiko. Kwenye kikombe mapovu yanachemka kama uji.

Mtu mwenye akili angeacha hapo. Mimi nikasema itajirekebisha yenyewe ikipata moto. Nikapulizia milango yote miwili.

Nilipozima kompresa na kurudi nyuma hatua mbili, nikaona mlango wa kushoto una vipele na wa kulia una michirizi hadi chini. Nikakaa juu ya benchi. Alhamisi vyombo vinaondoka.

Jumanne nzima nikapiga msasa milango ile, kuifuta aibu. Mama Rehema akaniletea chai, akatazama, akaweka kikombe, akasema, "Alhamisi ni kesho kutwa." Akaondoka. Miaka ishirini na mitano ya ndoa, mke anajua sentensi moja inatosha.

Nilifikiria kuazima pistole kwa jirani. Jirani yangu anaisafisha ya kwake kwa petroli, petroli yenyewe mnajua huku inavyopatikana, kwa hiyo anaisafisha inapopatikana. Nikaiona ilivyo, nikamshukuru, nikarudi.

Ikabidi niende dirishani kwa bibi harusi.

Dirisha lilikuwa wazi, pazia limeshushwa. Nikakohoa.

"Nani huyo kwa dirisha?" Sauti ya Dada Mwajuma.

"Ni mi, dada. Nataka kusema na Rehema kidogo tu."

"Apana. Bibi harusi hasemi na mwanaume wiki hii."

"Mi ni baba yake."

"Na baba ni nini, si mwanaume? Ama umebadilika tangu jana?"

Nikamwambia ni habari ya kazi. Hapo nikawa nimechokoza nyuki.

"Kazi ya ile dawa yenu yenye kunuka? Saidi, we! Siku tatu namusinga huyu mutoto liwa, namufukiza udi, na nywele yake bado inatoa harufu ya diluant! Bwana yake atafikiri ameoa garage!"

Ndani nikasikia wanawake wanacheka. Kisha sauti nyingine, ya chini, ya mwanangu.

"Shangazi, muache aseme. Papa, umeiloweka yote?"

Nikashtuka. "Nani amekuambia?"

"Hakuna mutu ameniambia. Tangu jana nasikia kompresa inaita alafu inakata, inaita alafu inakata. Niko nasingwa hapa nikajua, Papa ameitia pistole yote mu diluant. Ile mipira ya ndani, ya kuzuia isivuje, imevimba."

Nikakiri kwamba ndivyo.

"Na tundu umetoboa na nini?"

Nilitazama kuku.

"Papa. Umetoboa na nini?"

"Na rayon ya baiskeli."

"Papa! Na we mwenyewe uliandika kule kwa forum, chuma haiingii hata siku moja mu mdomo ya pistole! Mi nilisoma!"

Wakuu, nikalisogelea pazia.

"Unasoma kule?"

"Toka ule uzi wa kwanza. Ile siku uliandika sindano inatolewa kwa mbele. Inatolewa kwa nyuma, Papa. Na watu wakakuambia ahsante professor. Nilikuonea haya mpaka nikazima simu."

Miaka mitatu. Miaka mitatu ananitazama nikivaa nguo zake mbele ya watu, na kila jioni ananiandalia sahani ya chakula na kuniuliza kama nimechoka.

Nikamwambia, "Mwanangu, nisamehe."

Akasema, "Tafuta kalamu, Papa. Alhamisi iko karibu."

Ndivyo alivyo. Nikaokota kipande cha libuyu na penseli yangu ya fundi, akaanza kuninong'oneza kutoka nyuma ya pazia.

Aliniambia kwenye rafu, nyuma ya makopo ya misumari, kuna kopo la pomade. Nikalikuta. Ndani mna mipira mipya ya pistole imefungwa kwenye uzi mmoja mmoja, mna kichupa cha mafuta ya cherehani, na mna mdomo mzima wa ile pistole yetu ya kwanza, niliyoikanyaga mimi. Mimi niliitupa. Yeye aliiokota akatoa kilicho kizima, akakiweka akiba kwa siku ambayo baba yake ataharibu tena.

Mengine nawaandikia hapa kama nilivyoyaandika kwenye ubao, na safari hii sijaongeza langu.

Ukimaliza tu kupulizia, kabla ya sala, kabla ya chai, kabla ya simu, mwaga iliyobaki. Tia diluant kidogo kwenye kikombe, pulizia kwenye kitambaa mpaka itoke maji matupu. Kisha fungua. Kwanza sindano, na inatolewa kwa nyuma, halafu kofia ya hewa, halafu mdomo. Hivyo vya chuma ndivyo vinavyolowekwa, kwenye kikopo, si ndoo. Mwili wa pistole unafutwa kwa kitambaa, hautumbukizwi. Sugua kwa mswaki. Matundu ya kofia yanatobolewa kwa njiti ya kiberiti iliyochongwa, kwa sababu njiti ikishindwa inavunjika yenyewe, chuma kikishindwa kinavunja pistole. Tone la mafuta kwenye sindano. Rudisha kinyumenyume ulivyofungua.

Na fungulia maji chini ya tangi la kompresa kila asubuhi, maana hewa ya hapa kwetu ziwani ina maji, ukiyaacha yataenda kwenye vanishi na itageuka nyeupe.

Alinitaka nimsomee tena, mara tatu. Mara ya tatu nilipokosea, aliyenisahihisha si yeye.

"Sindano nyuma, Saidi! Nyuma!" alifoka Dada Mwajuma. "Hata mi nimejua!"

Jumatano asubuhi nikafunga kila kitu upya, kwa mipira mipya na mdomo wa akiba. Nikapulizia kwanza kwenye ubao wa majaribio. Ikatoka ukungu mmoja laini, sawa kushoto na kulia. Nikapulizia milango. Saa sita nikaongeza tabaka la pili. Nikaisafisha pistole papo hapo, na adhuhuri ikanisubiri, Mungu anisamehe.

Jioni ilipokauka nikapitisha kiganja. Ilikuwa nzuri. Nilishusha pumzi.

Kisha sijui nini kilinituma nizunguke nyuma.

Wakuu, mgongo wa kabati lile, ambao utaegemezwa ukutani na hautaonwa na mtu maisha yake yote, ulikuwa kama maji yaliyotulia. Hakuna punje. Hakuna mahali kiganja kinakwama. Mbele ni kazi ya fundi mzuri, nyuma ni kazi ya fundi. Nikakumbuka meza ya yule mama wa Kiriri, nikakumbuka meza na makabati yote niliyopeleka kwa watu yakiwa na nyuma nzuri kuliko mbele, nami nikisifiwa. Nikakaa chini kwenye vumbi la mbao, nyuma ya kabati, nikalia. Sioni haya kulisema.

Alhamisi pikapu ikaja. Tukapakia kabati, godoro, masufuria, mikeka, makasha ya vyombo vya udongo. Vigelegele vimeanza, dereva amewasha, Dada Mwajuma akatoka ndani mkono juu.

"Musimame! Mutoto anasema amesahau chombo kimoja."

"Kipi?"

"Anasema Papa anakijua."

Nilikijua. Nikaenda atelier, nikaishusha pistole kutoka kwenye msumari wake, nikalichukua na kopo la pomade. Mama Rehema akanipa kanga mpya, nikavifunga humo, nikaviweka mwenyewe katikati ya masufuria. Wanaume waliosimama pale walitazamana. Sikuwaeleza.

Wanaume hatukwenda Ngagara siku ile, kwa hiyo yaliyotokea huko nimeambiwa na dada yangu, ambaye hajui kupunguza chumvi wala kuongeza.

Anasema wanawake wa kule walilizunguka kabati. Wakapapasa mbele, wakaitikia kwa vichwa, vizuri, vizuri. Nyanya yake Idi, ajuza mwenye macho yaliyochoka lakini mikono mizima, akapeleka kiganja hadi nyuma. Akakaa nacho hapo muda mrefu.

Akauliza, "Mbele imefanywa na baba yake, nimesikia. Na huyu wa nyuma ni nani?"

Dada Mwajuma akamjibu, "Huyo ako nyumbani, anasingwa."

Ndoa ilipita salama, pilau likatosha, alhamdulillah.

Sasa hivi Idi amempa Rehema chumba cha mbele, amemvutia umeme vizuri, na kompresa yangu imehamia huko. Mimi nachana na kuunga Buyenzi, Jumamosi napakia kwenye mkokoteni napeleka Ngagara, mke wa Idi anapulizia. Mama wa Kiriri ameagiza kabati jingine. Safari hii nimemwambia ukweli nani atalimalizia, akasema, "Basi nigeuzie na ile meza, chini iwe juu."

Kusafisha pistole ni kazi yangu. Juzi nilisahau tone la mafuta kwenye sindano. Alinirudishia tu pistole mkononi, kwa adabu zote, akaenda kutia maji ya chai.

Fundisho langu ni fupi: kama kuna kitu nyumbani kwako kila siku kinajikuta kimekuwa safi chenyewe, katafute ni nani anayekisafisha.

Wale niliowaambia sindano inatolewa mbele, nawaomba radhi, mmoja mmoja. Mlioharibu pistole kwa ajili yangu semeni hapa chini, nitabeba lawama zote. Na mwenye swali la kiufundi aliache, nitalifikisha Jumamosi, majibu nitayaandika kama nitakavyopewa.

Ila msiniite professor tena. Jumamosi iliyopita nilimwomba aniruhusu na mimi nipulizie kidogo, mkono usisahau. Akafikiri, akanigeuzia meza miguu juu.

"Sawa, Papa. Lakini chini tu."